Picha ya Diski Inayofunguliwa Ndiyo Inayookoa: Kurejesha Data za Seva



Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata. Ya pili, iliyopaswa kuifuata ya kwanza hatua kwa hatua, ilikuwa imeachwa nyuma kwa wingi wa kazi. Akaamua kuifuta ili ainakili upya. Amri akaiendesha kwenye ile ya kwanza. Alipogundua na kuikatiza, muda mfupi sana baadaye, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia takriban 4.5.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kampuni yenyewe ilikieleza hadharani, na hata kuirusha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kupitia YouTube. Kwa uwazi huo wanatudai shukrani. Fundi yule sina la kumlaumu, maana amri ya kufuta inaweza kupotea njia popote penye watu waliochoka. Linalonishughulisha ni walichokikuta walipokwenda kutafuta nakala.

Bakapu za kila siku zilizopaswa kuwa kwenye hifadhi ya Amazon hazikuwepo. Ghala lilikuwa tupu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6, hivyo kila ilipoamshwa ilishindwa. Barua pepe za kuwaarifu mafundi kwamba imeshindwa nazo zilikataliwa njiani kwa kukosa saini inayotakiwa. Picha za diski za Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, ziliwashwa kwa seva za mafaili, seva za kanzidata zikaachwa.

Wakaokolewa na picha ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kuwa alihitaji data mpya za kufanyia majaribio. Picha za namna hiyo zilikuwa zikipelekwa kwenye seva ya majaribio mara moja kila saa 24, na watu walifanya kazi juu yake. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote: nakala zilizowekwa kwa ajili ya siku ya janga zilikuwa zimekufa bila mtu kujua, na iliyokuwa hai ni ile iliyokuwa ikifunguliwa kazini.

Tuitazame sasa picha yenyewe, ambayo mafundi huiita snapushoti. Inapopigwa, karibu hakuna kinachonakiliwa, ndiyo maana huchukua nukta chache hata kwa diski kubwa. Katika LVM ya kawaida, bloki inapotaka kuandikwa upya, ile ya zamani huhamishiwa kwanza kwenye nafasi iliyotengwa. Nafasi hiyo ikijaa, picha yote huharibika. ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili, huenda kwa njia nyingine: maandishi mapya huwekwa pengine, ya zamani yakaachwa mahali pake. Kwa vyovyote, picha inabaki kutegemea diski ileile. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza data pamoja na bakapu zake, kwa kuwa vyote vilikaa eneo moja. Kwa hiyo picha isafirishwe mbali, ikawe nakala kamili.

Katika kuifikia picha siku ya janga, nawasihi jambo moja kuliko yote: msikimbilie kuirudisha seva nzima nyuma. Katika ZFS, kurudi kwenye picha ya zamani kunalazimu kuzifuta picha zote zilizopigwa baada yake, yaani unaharibu ushahidi na njia nyingine za kutokea. Fungua picha kwa kusoma tu, kwenye folda iliyofichwa ya .zfs/snapshot, ukachukue faili unalolihitaji. Ikiwa ni kanzidata, tengeneza pacha wa picha, uiwashe humo, uikague, ndipo uamue.

Na kanzidata iliyopigwa picha ikiwa kazini huamka kama mashine iliyokatikiwa umeme. PostgreSQL hujirekebisha kwa kusoma logi zake, mradi logi na data vilipigwa kwa wakati mmoja. Vikikaa kwenye diski mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, hakuna wa kukuhakikishia kitu.

Kuwa na picha ni jambo moja, muda wa kuirejesha ni jingine. GitLab walihitaji takriban saa 18 kunakili data, kwa sababu seva ya majaribio ilikuwa na diski za polepole. Vivyo hivyo, diski inayotengenezwa kutokana na picha ya Amazon EBS huonekana iko tayari mara moja, kumbe bloki zake huletwa kutoka ghalani pale zinapoguswa mara ya kwanza, na watumiaji wanaishia kusubiri. Baada ya kurejesha, GitLab walisogeza mbele kwa 100,000 namba za kumbukumbu katika kanzidata, ili namba zilizotolewa katika zile saa sita zilizopotea zisije zikapewa kitu kingine. Ni hatua ndogo ya akili sana, na sijui ni wangapi kati yetu tungeikumbuka usiku wa manane.

Pendekezo langu kwa wanaosimamia seva za vyuo, hospitali na vyama vya akiba: seva ya majaribio iundwe upya kila usiku kutokana na picha ya mwisho iliyosafirishwa. Ikigoma, waandishi wa programu watalalamika asubuhi, na malalamiko yao yatafika hata barua pepe zisipofika. Majina na namba za simu vifichwe kwanza, kwa kuwa taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania. Lakini ufichaji ufanywe kwenye pacha, picha asilia isiguswe. Na kila usiku mashine iandike ilichukua dakika ngapi tangu kuanza kunakili hadi kanzidata kujibu swali la kwanza. Mkurugenzi akiuliza huduma itarudi lini, asomewe namba hiyo.