Tutii Serikali Mpaka Wapi?

Wapendwa kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Rwanda, karibuni sana Kampala.

Mji huu una somo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, siku chache baada ya maaskofu wa Anglikana kumwandikia Idi Amin kupinga maovu ya utawala wake. Mwaka huohuo Amin akapiga marufuku makanisa mengi, ya Kipentekoste yakiwemo. Kila mtu alijua bei ya kukaidi. Hata hivyo wapendwa walikutana majumbani, wakiomba kwa sauti ya chini, mpaka Amin alipoanguka Aprili 1979.

Je, walivunja sheria? Ndiyo. Walitenda dhambi? Hapana! Wakunga Shifra na Pua nao walikataa kuua watoto kwa amri ya Farao, na Mungu akawabariki. Paulo anatufundisha kutii mamlaka. Lakini mamlaka ikikuamuru kumwacha Mungu au kumdhuru asiye na hatia, imevuka mpaka wake.

Sasa tusidanganyane, ndugu zangu. Kupitisha mzigo njia za panya pale Busia ili kukwepa ushuru, halafu useme unamtii Mungu, hiyo si imani, ni magendo! Jipime: ukivunja sheria, faida ni ya nani? Gharama analipa nani? Wale wa 1977 hawakupata hata shilingi. Walihatarisha maisha yao.

Kwa hiyo lipa ushuru. Lakini ukiamriwa kutoa ushahidi wa uongo au kumwonea mkimbizi, kataa, bila panga wala matusi, na uwe tayari kuumia. Amina?