Simu ya Upepo ya Kujenga Wenyewe

(Mazungumzo na wanakisomo wa Chiola)



Leo tuzungumze juu ya ujumbe. Mama ameshikwa na uchungu usiku, yuko shambani, mbali na zahanati. Simu ipo mkononi, lakini mtandao hakuna. Basi mtu anatumwa kwa miguu. Je, atawahi? Sisi tumejifunza kusoma na kuandika. Lakini ujumbe usiofika haumsaidii mtu.

Iko njia ambayo kijiji kinaweza kuijenga chenyewe. Ni mtandao wa redio ndogo za upepo. Redio moja inaenea kiganjani. Haihitaji mnara wa kampuni wala intaneti. Inaunganishwa na simu janja iliyo karibu. Unaandika maneno machache kwenye simu, redio inayarusha hewani.

Inafanyaje kazi? Fikirini tunapojenga darasa kwa kujitolea. Tunapanga mstari, na tofali linapita mkono hadi mkono. Ujumbe nao ni hivyo hivyo. Redio ya kwanza inautoa. Ya pili inaupokea na kuurusha tena. Ya tatu vivyo hivyo, mpaka umfikie anayeandikiwa. Redio moja ikizimika, ujumbe unaweza kupita kwa jirani mwingine.

Programu moja ya kazi hiyo inaitwa Meshtastic. Ilianza mwaka 2020 na hutolewa bure. Lakini tusidanganyane: inabeba maandishi mafupi. Haipigi simu wala haitumi picha.

Tukitaka kuanza, tufuate mambo haya:

1. Kabla ya kununua, tuwaulize TCRA masafa yanayoruhusiwa.

2. Redio zote ziwe za masafa mamoja, na zipangwe namna moja. La sivyo hazitasikilizana.

3. Antena iwe juu. Mahali pa wazi ujumbe huenda kilometa kadhaa. Mlima au miti mingi huuzuia. Tupime kwanza kwa kutembea, ndipo tusimike mlingoti.

4. Redio isiwashwe kabla ya kufunga antena. Inaweza kuharibika.

5. Betri ichajiwe kwa sola ndogo. Mtu asipande mlingoti wakati wa mvua na radi.

Je, wako waliojaribu mambo ya namna hii? Wako. Mwaka 2007, Uganda ya kaskazini, watu wengi walikuwa kambini kwa sababu ya vita. Shirika la BOSCO la huko Gulu lilitumia antena za masafa marefu na umeme wa jua kuunganisha kambi, kama ile ya Pabbo. Chombo chao kilikuwa kingine, tena kikubwa kuliko hiki, lakini nia ilikuwa moja. Mwaka huo huo, nchini Venezuela, mtaalamu Ermanno Pietrosemoli na wenzake walirusha mawasiliano bila waya kwa kilometa 382. Waliwezaje? Walisimama mlimani, na katikati hapakuwa na kizuizi.

Sasa tusikilize jambo kubwa. Wazee wa Nachingwea wanaujua mpango wa karanga wa Waingereza. Ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951. Reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Karanga ziliposhindwa, reli ikakosa mizigo ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Kitu cha mgeni huondoka na mgeni.

Mtandao wetu hautang'olewa na mtu. Utakufa kwa betri moja ambayo hakuna aliyeinunua. Tena redio ya zahanati ikifungiwa kabatini, ujumbe wa yule mama utafika kabatini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si mlingoti. Kazi ya kwanza ni kamati. Kila redio iwe na watunzaji wawili, mmoja akiwa mwanamke. Mchango uandikwe daftarini, usomwe mbele ya wote. Kila jioni tutumiane ujumbe wa majaribio. Asiyejibu, jirani akamtazame. Mpaka tuhakikishe, njia ya miguu tusiiache.

Maswali ya kujadili:

Kwenu, redio iwekwe nyumba gani?

Nani atakuwa macho usiku kusoma ujumbe?

Betri ikifa mwezi wa njaa, fedha itatoka wapi?

Tukipata majibu ya maswali haya, ndipo tukanunue redio.