Shanga, Chupa na Amana

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kitengela, kabla ya futari)



Kila sifa njema ni Yake Allah (S.W.) Aliyetufikisha tena Ramadhani tukiwa hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazazi wangu, kaka zangu na dada zangu. Nilipoombwa nizungumze kidogo kabla ya adhana, niliuliza, nizungumze nini? Kaka mmoja akasema, "Zungumza juu ya hizo shanga zako." Wenzake wakacheka. Basi nitazungumza juu ya shanga, na mwenye kucheka asubiri mpaka mwisho.

Nimekulia Mashuuru, na Mashuuru huwezi kuzikwepa shanga. Siku ya soko akina mama wa Kimaasai hukaa kivulini, maneno mdomoni na kazi mkononi. Wao shanga wanaziita isaen. Wengi wetu hudhani hizi za kioo wamekuwa nazo tangu hapo kale. Kumbe zamani walitumia mbegu, mifupa, udongo na madini. Za kioo ziliwafikia kwa wingi katika karne ya 19, kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani, na katika misafara hiyo Waislamu walikuwa wengi. Shanga zenyewe zilitengenezwa mbali, Venice na Bohemia. Hata leo nyingi za zile ndogondogo hutoka Jamhuri ya Cheki.

Na pwani yetu ilizijua mapema zaidi. Kisiwani Pate, huko Lamu, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Miaka ya 1980 wachimbuzi wakiongozwa na Mark Horton walichimba chini ya msikiti wa mji huo wakakuta misikiti mingine ya zamani zaidi, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Katika mji huohuo wakakuta na shanga za kioo zilizoletwa kwa bahari. Kwa hiyo swala na biashara vilikaa mtaa mmoja. Mtu asituambie kwamba kazi ya mikono na dini ni vitu viwili mbalimbali.

Sasa mimi niliingiaje? Kushona shanga nilifundishwa na koko mmoja, jirani yetu. Koko ni bibi kwa Kimaasai. Alinionyesha namna ya kupanga rangi, na namna ya kukata vipande vya dumu la plastiki ili mkufu mpana usilegee, kazi ambayo zamani ilifanywa na ngozi. Baadaye nikatamani kutengeneza shanga zenyewe. Hapa upande wa Kitengela, karibu na mbuga ya Nairobi, kuna karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo vibovu na chupa huyeyushwa vikawa vitu vipya, na shanga zikiwamo. Mimi sina tanuri kama lao, lakini nilisoma kwamba Wakrobo wa Ghana husaga chupa, wakatia unga wake ndani ya kalibu ya udongo, na katikati wakasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Motoni kijiti huungua, tundu likabaki.

Nikajaribu kwa jiko la makaa na kipulizio. Vijana, mkitaka kujaribu, fungeni pua na mdomo na mloweshe kioo kabla ya kukiponda, kwa sababu vumbi lake ni adui wa mapafu. Vaeni na miwani. Shanga zangu za kwanza zilitoka nzuri, zinang'aa, nikazitoa haraka niwaonyeshe watu. Tak! Tak! Zote zikapasuka. Kioo nje hupoa upesi na ndani bado kina moto, basi huvutana mpaka kivunjike. Dawa yake ni kukiacha kipoe polepole ndani ya majivu ya moto, hata usiku kucha. Kwa sisi tuliofunga, somo la subira hapo halihitaji ufafanuzi.

Lakini si hilo nililokuja kusema. Nimekuja kusema jambo ambalo nimeliona zito kwa muda mrefu.

Nilipoanza chuo kikuu niliwauzia wenzangu bangili na vidani. Likizo moja nilimkuta koko ana mkufu mzuri, kazi ya wiki nzima. Alitaka shilingi 500. Nilijua siku hiyo ana shida ya pesa, nikamshika kwa shilingi 300. Chuoni nikauza shilingi 1,200. Mnunuzi akaniuliza, "Umeutengeneza mwenyewe?" Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Likizo iliyofuata nilikuwa nimesimama kaunta dukani kwa baba. Koko akaja kuomba unga kwa mkopo. Baba akafungua daftari la madeni, akamwambia kwa upole, "Koko, umeshafika mia nane na kitu." Koko akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimepata faida ya mia tisa kwa mkono wake.

Usiku nikamweleza baba. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, wewe una deni kwa mtu asiyejua kuwa anakudai."

Ndugu zangu, faida ni halali. Kosa langu lilikuwa wapi? Nilitumia dhiki ya mtu kumbana, kisha nikaiita kazi yake yangu. Madrasa tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, akasema mdanganyifu si katika sisi. Niliihifadhi hadithi hiyo nikiwa mdogo. Sikujua kwamba lundo lenyewe litakuwa langu.

Nikaenda kwake, nikamwambia yote, nikamwekea zile mia tisa. Akazihesabu taratibu, kisha akanirudishia mia mbili. "Na nauli yako? Na miguu yako?" akasema. Jamani, mimi niliyesoma sikuwa nimempimia kwa haki, na yeye ambaye hajakaa darasani hata siku moja alinipimia mimi. Tangu siku hiyo tunapatana bei mapema, na kila mnunuzi namwambia huu ni mkono wa nani. Wateja hawakupungua.

Tusidharau mkufu. Bibi Aisha (R.A.) aliazima mkufu wa dada yake Asmaa, ukapotea safarini. Msafara mzima ulisimama pasipo maji kwa ajili ya kuutafuta, ndipo ikateremka aya ya tayamamu, na mkufu ukapatikana chini ya ngamia. Wanaosimulia hutaja tayamamu, nayo ni neema kubwa. Mimi siku hizi nafikiri pia kwamba ulikuwa mkufu wa kuazima. Kitu cha mtu kilisimamisha jeshi.

Na Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake, kisha akitoa sadaka. Basi likizo hii dada zangu karibuni tushone. Kaka zangu mliocheka, njooni mtengeneze tasbihi, shanga thelathini na tatu hazimshindi mtu. Na kabla ya Idi, kila mmoja aangalie mkononi mwake: kuna kitu cha nani ambacho mwenyewe hajui kuwa anakudai?

Allah Atutakabalie saumu zetu na Atujaalie wakweli katika kazi zetu. Aamin.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.