Watoto Watengeneze Mchezo, Wasibonyeze Tu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu wa tawi)



Halmashauri ya tawi ilituomba tuseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona si la chama cha wafanyakazi. Jambo lenyewe ni michezo ya watoto katika shule za msingi. Wako waliocheka walipoona tangazo ubaoni, wala hatuwalaumu. Mtu ametoka zamu ya usiku, macho mazito, anaambiwa aje kusikiliza habari za michezo! Lakini ngojeni kidogo.

Kila mmoja wetu anajua tofauti ya mtu anayebonyeza mashini na mtu anayeijua ndani. Mashini ikisimama, wa kwanza humwita msimamizi, na wa pili huchukua spana. Mishahara yao hailingani. Tena ikiletwa mashini mpya, barua ya kupunguzwa kazi humfikia kwanza yule wa kubonyeza. Tofauti hiyo sasa imeingia darasani, nayo huanza kwa watoto wa miaka minane na tisa.

Mnakumbuka kwamba mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta kwa watoto wanaoanza shule, na kwamba tangu mwaka 2016 vifaa hivyo vilianza kugawanywa. Vilipelekwa zaidi ya 1,000,000 katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Hilo ni jambo kubwa, na aliyelifanya ashukuriwe. Lakini viko vilivyofungiwa kabatini mpaka betri zikafa. Na hata vinapotumiwa, mara nyingi mtoto hupewa mchezo uliokwisha kutengenezwa na wengine: swali linatokea, anagusa jibu, kengele inalia, swali jingine linatokea. Hatusemi mchezo wa namna hiyo ni mbaya, maana mazoezi ni mazoezi. Twasema tu kwamba hapo mtoto ni mbonyezaji.

Iko njia ya pili, nayo ni kumwambia mtoto atengeneze yeye mwenyewe mchezo wa kumfundisha mwenzake aliye mdogo.

Njia hii si ya jana. Mwaka 1967 huko Marekani, Bwana Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Shauri lake Papert lilikuwa kwamba kompyuta isimwamuru mtoto, bali mtoto aiamuru kompyuta. Baadaye, katika shule moja ya umma mjini Boston iitwayo Hennigan, Bibi Idit Harel aliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya kutengeneza programu za kufundisha hesabu za sehemu, yaani nusu, theluthi, robo na nyinginezo. Akafuata Bibi Yasmin Kafai, ambaye aliwaambia watoto wa darasa la nne watengeneze michezo kamili ya hesabu hizo, itakayochezwa na watoto wa darasa la tatu. Kazi ilichukua miezi, si juma moja. Alitoa kitabu juu yake mwaka 1995.

Yaliyotokea yafaa kusikiwa na kila mzazi. Watoto wengi walianza kwa njia rahisi: msafiri yuko njiani, anakutana na mlinzi, mlinzi anauliza swali la sehemu, ukijibu sawa unapita. (Wavulana walipenda sana maadui na hatari, wasichana wengi waliweka mambo ya kawaida ya maisha.) Hapo hesabu ni kama tikiti tu ya kupita mlangoni, wala haimo ndani ya mchezo wenyewe. Kuiingiza ndani ndiyo kazi ngumu, na ugumu huo ndio unaofundisha.

Tutoe mfano wa hapa kwetu. Mtoto wa darasa la nne anataka kumfundisha wa darasa la tatu kwamba theluthi ya chapati ni kubwa kuliko robo yake. Kabla ya kugusa kompyuta hana budi kujiuliza: huyu mdogo atakosea wapi? Atakosea hapa: ataona nne ni kubwa kuliko tatu, aseme robo ndiyo kubwa. Basi haifai mchezo umwambie "umekosa" na kunyamaza. Uchore chapati mbili zilizo sawa, moja ikatwe mara tatu, nyingine mara nne, kisha umwambie mchezaji achague kipande cha kula. Mwenye njaa hatachagua robo mara ya pili. Sasa fikirini, mtoto aliyewaza hayo yote amejifunza sehemu kwa namna gani? Ameingia katika kichwa cha mtu mwingine na kuona kosa kabla halijafanywa. Hata sisi wengine tuliopata cheti hatukufundishwa hivyo.

Siku hizi kazi ya kuandika ni rahisi kuliko wakati wa Logo. Mwaka 2007 kikundi cha Bwana Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, huko huko Marekani, kilitoa programu iitwayo Scratch, kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Haiuzwi, hutolewa bure. Amri zimeandikwa juu ya vipande vya rangi, navyo hushikana kama matofali: kinachofaa hushika, kisichofaa hakishiki. Kiko kipande cha kusema "ikiwa jibu ni hili, fanya hivi", kiko cha kurudia, kiko cha kuhesabu alama. Kiswahili kimo katika lugha zake, na yaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikatumika pasipo intaneti.

Siku ya majaribio ndiyo tamu. Mtoto amesahau kuandika kwamba alama zirudi sifuri mchezo unapoanza upya, basi mchezaji wa pili anaanza na alama za mwenzake, na darasa la tatu lote linapiga kelele kwamba ni wizi! Hapo hakuna kuchapwa wala kuaibishwa. Watoto hukaa, hufuata kipande kwa kipande, mpaka wapate palipo na kasoro. Mafundi mliomo humu mnaijua kazi hiyo.

Mwaka 2022 mafunzo ya kuandika programu yaliidhinishwa kwa shule zetu za msingi na za sekondari, na mafunzo yaliyoidhinishwa yalikuwa ya kampuni ya biashara. Nasi twajua kitu cha kuuzwa humfikia nani kwanza. Mtoto wa tajiri atajifunza kutengeneza, na wa kwetu atabaki kubonyeza, tukinyamaza.

Lakini tusiende shuleni kwa kishindo. Walimu ni wafanyakazi kama sisi, na chama chao cha kitaifa ni cha tangu mwaka 1957. Mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake hawezi kuongezewa mzigo huu jioni bila mafunzo na bila malipo. Tungefanyiwa sisi, tungegoma. Mafunzo yake yawe ndani ya saa za kazi, na kazi yenyewe iwe somo moja tu kila muhula, kwa kuwa huchukua siku nyingi. Asemaye masomo yote yafundishwe kwa njia hii hajaingia darasani.

Tena, si lazima kila mtoto awe na kompyuta yake. Mchezo uanze kwenye kadibodi, kwa mbegu na kalamu, na kanuni zake ziandikwe. Kanuni zikikataa kwenye kadibodi hazitakubali kwenye kompyuta. Halafu watoto watatu wakae kwa kompyuta moja: mmoja ashike, mmoja asome mpango, mmoja atafute makosa, na kesho wabadilishane, maana msipoangalia mwenye nguvu atashika kila siku na msichana atakuwa wa kutazama.

Kwa mzazi anayesema "mwanangu aende kusoma, asiende kucheza", twampa kipimo cha nyumbani. Amwulize mtoto: mwenzako akikosea, mchezo wako unafanya nini? Akieleza vizuri, huyo amesoma. Asipoweza, mzazi ana haki ya kulalamika.

Halmashauri inaomba mambo mawili. La kwanza, katika mazungumzo yajayo na waajiri, tudai kwamba kompyuta wanazozitoa ofisini na viwandani zipewe shule za jirani, nzima na chaja zake, si mabaki ya kutupa. La pili, wanachama walio katika halmashauri za shule za watoto wao watoe majina kwa karani wa tawi kabla ya muhula kufunguliwa, wakitaja na shule ina vifaa vingapi vinavyofanya kazi, na nani anashika ufunguo wa kabati.