Kwa Nini Simu Yangu Haikulia
Mazungumzo ya mwanachama wa Kidato cha Nne 1978 mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya maisha ya kustaafu. Nimemwomba radhi. Maisha hayo wengi wetu tunayajua, na asiyeyajua yanamsubiri. Mimi nimekuja kueleza jambo dogo la nyumbani lililonikosesha mazishi ya mwenzetu.

Wote mnamkumbuka mlinda mlango wetu. Miaka minne alilala kitanda cha juu na mimi cha chini. Mwaka jana, Alhamisi moja jioni, alifariki. Habari iliwekwa katika kundi letu la WhatsApp saa 3 usiku. Simu yangu ilikuwa juu ya stuli, karibu na kichwa changu. Haikulia. Alfajiri nikatokea mlango wa uani kwenda shamba, Muheza, ambako mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Niliporudi Tanga jioni na kuketi sebuleni, simu ikaanza kutetemeka kama mwenye homa: taarifa ya msiba, basi dogo litakaloondoka saa 2 asubuhi, mazishi baada ya sala ya Ijumaa, na mwisho picha ya kaburi lililokwisha fukiwa. Wenzangu watatu walikuwa wamenipigia usiku ule, wote kwa WhatsApp ili kuokoa salio. Siku nilipokwenda kutoa pole, mjane aliniuliza bila ukali wowote: “Shemeji, ulikuwa safarini?”

Sikuwa safarini. Nilikuwa nimelala mita 11 kutoka kwenye ruta ya Waifai. Na mimi, ndugu zangu, nimekula mshahara wa ufundi wa redio kwa miaka 30.

Mtakumbuka redio ya bwalo. Waya wake wa antena ulitoka dirishani ukapanda mpaka kileleni mwa mwembe, na aliyethubutu kuanika shuka juu ya waya ule alipewa jembe. Mwishoni mwa 1978, vita vya Kagera vilipoanza, tulijazana pale kusikiliza taarifa ya habari, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba antena huwekwa juu na mahali peupe. Leo redio ya namna ile ile tumeiingiza ndani ya nyumba, tukaificha nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, chini sakafuni. Kisha tunalalamika.

Maana Waifai ni redio tu. Tofauti yake ni urefu wa mawimbi. Mawimbi ya kati tuliyoyasikiliza bwaloni yalikuwa na urefu wa mita mia kadhaa. Ukuta wa nyumba kwake ni kama kijiti mbele ya tembo. Mawimbi ya Waifai ni mafupi mno. Yale ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na kitu, na yale ya gigahezi 5 yana sentimita 6 hivi. Mawimbi mafupi namna hiyo hudhoofishwa na kila kitu: zege lenye nondo, tofali za saruji, tangi la maji, jokofu, mabati, hata kioo kikubwa cha kabati la nguo, kwa sababu nyuma ya kioo kuna utando wa madini.

Baada ya msiba ule nilishika simu, nikaweka programu ya bure ya kupima nguvu ya mawimbi, nikazunguka nyumba yangu chumba kwa chumba kama mpima ardhi. Vipimo hivi huandikwa kwa hasi, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu. Sebuleni nilipata hasi 45. Koridoni hasi 66. Kitandani pangu hasi 84. Msidhani kwamba 84 ni karibu maradufu ya 45 na basi. Kila ukishuka kumi, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka 45 hadi 84, iliyobaki ni kama sehemu moja ya elfu nane. Zilizosalia zimeliwa na kuta mbili, jokofu, vigae vya bafuni, na kabati la nguo la mama watoto, ambalo sikuthubutu kulitaja nyumbani.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililoniponza. Simu ilionyesha mstari mmoja wa Waifai. Mtu akiuona mstari mmoja husema, afadhali, kidogo kipo. Lakini mawasiliano ni ya pande mbili. Kumbukeni gwaride la asubuhi: mwalimu mkuu alikuwa na kipaza sauti, na mwanafunzi wa mstari wa nyuma hakuwa nacho. Mwanafunzi alimsikia mwalimu barabara, ila jibu lake halikufika mbele. Ruta imechomekwa kwenye umeme na ina antena zake. Simu ina betri ndogo na antena iliyokunjwa ndani ya kasha. Simu yangu iliisikia ruta, ruta ikawa haiisikii simu vizuri, na ujumbe haukushuka. Nayo simu, kwa kuwa bado ilijiona imeunganishwa, iling'ang'ania pale pale mpaka asubuhi. Bando nilikuwa nimelizima kwa ubahili wangu mwenyewe, kwa hiyo hata ingetaka njia nyingine isingeipata.

Tiba ya kwanza ilinigharimu waya wa mita 15 na misumari michache. Fundi aliyeniletea huduma aliiweka ruta pale waya wake ulipoingilia, kwa sababu ndipo kazi yake ilipokuwa fupi. Simlaumu, mimi mwenyewe nilisimama nikamtazama. Niliihamishia koridoni, katikati ya nyumba, juu ya rafu ya mita 2, bila kitu mbele yake. Antena nilizisimamisha wima, maana antena iliyosimama hutawanya mawimbi yake pembeni na kutoa machache sana kuelekea nchani. Ukiielekeza ncha chumbani kama bunduki unajinyima. Kitandani nikapata hasi 68. Hapo mazungumzo ya sauti na hata ya picha yanapita bila kukatika.

Tiba ya pili haikunigharimu kitu. Ruta nyingi za siku hizi hutoa masafa yote mawili kwa jina moja, na simu hujichagulia. Nilitenganisha majina. Sebuleni natumia gigahezi 5, ambayo ina kasi. Chumbani natumia 2.4, ambayo ni ya polepole zaidi lakini hupenya ukuta vizuri zaidi. Tena masafa haya ya 2.4 yana msongamano: ruta ya jirani yako humo, spika za bila waya zimo, na oveni ya maikrowevu ikiwashwa hupiga kelele humo humo. Chaneli tatu tu ndizo zisizogongana, yaani 1, 6 na 11. Mimi na jirani yangu mmoja tulikuwa wote katika ya 6. Tulikubaliana kibarazani, yeye akabaki, mimi nikahamia 11.

Kijana wangu, kwa huruma, alikuwa ameninunulia kile kifaa cha kurudia mawimbi, akakichomeka chumbani kwangu kabla sijafanya hayo yote. Hakikusaidia kitu, na wengi mmepoteza fedha kwa njia hiyo hiyo. Kifaa kile hurudia kile kinachosikia, na pale chumbani kilikuwa hakisikii. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi bado ni mazuri. Hata hapo, vile vya bei rahisi husikiliza na kusema kwa redio moja kwa zamu, hivyo kasi hupungua kama nusu. Nilikipa jirani. Kwa ajili ya vyumba vya uani, vilivyo chini ya bati, nilivuta waya wa mtandao na kufunga kituo cha pili mwisho wake. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na ni vipi tutaumia kwa kuchimba mfereji mfupi, sisi tuliochimba vyoo vya shule hii kwa sululu?

Lakini msichanganye Waifai na intaneti. Mistari kwenye simu hukwambia habari za safari ya kutoka simuni hadi kwenye ruta, basi. Mbele ya hapo haisemi kitu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, simu yangu ilionyesha mistari yote na hakuna kilichosogea. Mtaani watu walikuwa wakizima na kuwasha ruta. Na umeme ukikatika, ruta nayo huzimika. Nimenunua betri ndogo ya akiba, na nimeunga humo ruta pamoja na kile kiboksi cha huduma, maana kimoja bila mwenzake ni bure.

Upande wa simu yenyewe nilifanya mambo mawili. Sasa naliacha bando wazi usiku, na katika mipangilio nimeiruhusu simu kuiacha Waifai iliyo dhaifu na kuhamia mtandao wa kawaida. Tena nimeitoa WhatsApp katika orodha ya programu zinazolazwa ili kuokoa betri. Simu nyingi hulaza programu bila kumwuliza mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na ombi moja, na ningependa lijadiliwe kabla ya chakula. Kila darasa litoe watu wawili. Ukitokea msiba, wao wawapigie wenzao simu ya kawaida, moja moja, hata kama habari imekwisha wekwa kwenye kundi, na asiyepokea apigiwe tena asubuhi. Gharama ya vocha itoke katika mfuko wa chama. Kwa darasa la 1978 najitolea mimi kuwa mmoja wao.

Mwenye simu inayomsumbua tuonane chini ya mwembe baada ya chakula, aje nayo ikiwa na chaji.