Jiwe Jekundu la Bwana del Río



Mwaka 1801, huko Mexico, mtaalamu wa madini Andrés Manuel del Río alichunguza jiwe zito la kahawia lililotoka Zimapán, akaona kwamba lina metali mpya isiyojulikana. Chumvi zake zilipopashwa moto zikawa nyekundu. Lakini mwaka 1805 mtaalamu mmoja wa Paris alisema kuwa hiyo ni kromi tu, na Bwana del Río akakubali. Mwaka 1830 Bwana Nils Sefström wa Uswidi akaipata tena metali ile katika chuma, nayo ikaitwa vanadi. Mwaka 1831 Bwana Friedrich Wöhler akathibitisha kuwa ndiyo ile ile ya Mexico.

Jiwe lile sasa huitwa vanadiniti. Katika uzito wake, kadiri ya asilimia 73 ni risasi na 11 ni vanadi; zilizobaki ni oksijeni na klorini. Ni zito karibu mara saba kuliko maji, lakini ni laini hata kisu hulikwaruza. Fuwele zake zina pande sita, nyekundu au kahawia. Wataalamu huliweka katika ukoo wa apatiti kwa sababu ya mpangilio wake wa ndani, wala si kwa rangi.

Basi atakaye kulijua jiwe asitegemee macho peke yake. Na alipime, akijihadhari na vumbi lake, maana risasi ni sumu. Na akiisha kupima vema, asiiache kweli yake upesi.