Nyumba Karibu na Stesheni
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa wafanyakazi, Changamwe)



Mimi si msemaji. Shule yangu iliishia kwa Wamisheni, darasa za chini. Lakini nina neno juu ya nyumba.

Kazi yangu iko Miritini, katika stesheni iliyofunguliwa mwaka 2017. Nyumba yangu ya kupanga iko Kisauni. Naamka saa kumi alfajiri, napanda matatu hadi mjini, kisha ya pili kupita Makupa na Changamwe. Jioni ni vivyo hivyo. Nauli imekuwa kodi ya pili, na watoto wangu hunijua kwa sauti ya mlango tu.

Taabu hii si mpya. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, posho ya nyumba ilikuwa katika madai yao. Januari 1947 waligoma tena, wa bandari na wa reli pamoja. Wazee wale walijua kwamba mshahara usiotosha paa la kulalia haujatimia.

Leo sheria zipo. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo, au alipe fedha za kutosha kodi mbali na mshahara. Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ili ujenzi uende mbio. Kwa sheria hiyo twakatwa shilingi moja na nusu katika kila shilingi mia, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 450 kila mwezi. Pamoja na za mwajiri ni 900. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ndugu, kukatwa si kupewa. Kibaba kikijaa, kitapakuliwa wapi, na kwa nani?

Nyumba ikijengwa upesi mbali na kazi, ulichookoa katika kodi utampa makanga. Huko Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2025: ndani ya nusu maili ya stesheni kubwa ruhusa ya kujenga maghorofa imefanywa nyepesi, hata ghorofa tisa palipo karibu kabisa. Umbali wenyewe umeandikwa katika sheria. Kipimo kama hicho twaweza kukiazima.

Ila haraka ina hatari yake. Hapa kwetu wengi wana nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine. Stesheni ikipandisha bei ya kiwanja, huyo ndiye wa kwanza kuambiwa ahame.

Kwa hiyo naomba mkutano uazimie mambo matatu. Kwanza, tuwaandikie wabunge wetu na kamati ya nyumba ya kaunti, umbali kutoka stesheni uandikwe katika sheria. Pili, wanaokaa hapo sasa, wenye nyumba na wapangaji, waandikishwe kabla ya kuta kubomolewa, nao wawe wa kwanza kupewa. Tatu, kila mmoja wetu aisome karatasi yake ya mshahara: aone alichokatwa, na aone kama posho ya nyumba imo. Isiyokuwamo ailete kwa katibu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Si haki anayeitunza alale mbali nayo.

Hayo ndiyo yangu.